Shajara ya maabara ya kompyuta: Debian 12, apt na bando la kugombania

Jumamosi, 26 Julai 2025

Mashine zimefika shuleni. Zote ni za mezani, zilizostaafu kazi za ofisini. Nyingi ni Core 2 Duo zenye RAM ya GB 2, na mbili ni Pentium 4 za biti 32 tupu. Diski zimefutwa, leseni hakuna, na Mkuu wa shule ameshasema kuwa pesa ikipatikana itaanza na madawati. Basi ni Linux, na kwa kuwa sitaki kutunza mifumo miwili tofauti, ni Debian 12 (mojawapo ya aina za Linux) kwa zote.

Mwalimu wa Fizikia, ambaye ndiye atakayebaki na maabara hii, aliuliza kwa nini tusisubiri Debian 13 inayotarajiwa tarehe 9 Agosti. Sababu ni zile Pentium 4. Debian 13 haitakuwa na kisakinishi wala kerneli (kiini cha mfumo) ya i386, yaani mashine za biti 32 zinaachwa nje. Debian 12 ilitoka tarehe 10 Juni 2023, na marekebisho yake ya usalama ya muda mrefu yamepangwa kufika Juni 2028. Kwa Pentium 4, kufika 2028 ni uzee wa heshima.

Intaneti ni rauta ya laini ya simu, yenye bando ambalo ofisi ya taaluma nayo inalitegemea. Hili ndilo litakaloamua kila kitu kwenye mradi huu. Picha za DVD ya kwanza nimekuja nazo kwenye flashi, moja ya amd64 (mashine za biti 64) na nyingine ya i386, kila moja zaidi ya GB 3, zimepakuliwa mjini. Mashine moja yenye diski kubwa itakuwa seva, na nyingine zote zitaomba programu kwake.

Jambo dogo kwa atakayerudia kazi hii: ukisakinisha kwa DVD, angalia `/etc/apt/sources.list` mara tu mfumo unapowaka. Mstari unaoanza na `deb cdrom:` unabaki pale, na apt, zana ya Debian ya kuleta na kusakinisha programu, itakuwa inakuomba uingize diski ambayo huna tena. Weka alama ya # mbele yake.

Jumapili, 27 Julai

Leo kazi ilikuwa saa. Mashine zilizokaa stoo muda mrefu betri zao za CR2032 zimekufa, kwa hiyo kila ukichomoa umeme zinarudi miaka mingi nyuma. BIOS ya mmoja wao inaamini tuko mwaka 2006. Debian ikiwaka, systemd, programu inayouanzisha mfumo, inaona tarehe hiyo haiwezekani na kujisogeza hadi tarehe iliyochongwa ndani yake yenyewe, lakini hata hiyo iko nyuma ya leo kwa muda mrefu.

Apt inajali tarehe. Orodha ya ghala (hifadhi ya mtandaoni ya programu za Debian), faili iitwayo InRelease, ina tarehe iliyotolewa na imetiwa saini. Mashine ikiona orodha imeandikwa "kesho kutwa" inakataa kuitumia, na ujumbe wake ni huu:

`E: Release file for ... is not valid yet (invalid for another ...)`

Wengi wakiuona wanadhani ghala limeharibika na kuanza kubadili anwani za ghala. Ghala ni zima. Tazama `date` kwanza, usiguse kitu kingine.

Betri mpya zinapatikana kwa mafundi saa sokoni, na tumenunua. Pamoja na hizo, seva imewekwa chrony ili ichukue muda kutoka intaneti na kuwagawia wengine, na kila mashine ndani ya `/etc/systemd/timesyncd.conf` imepewa `NTP=192.168.10.1`, yaani anwani ya seva. Betri ikifa tena, mashine itakosea dakika chache za mwanzo tu.

Jumatano, 30 Julai

Leo ndiyo siku ya kuokoa bando. Kwenye seva:

`apt install apt-cacher-ng`

Kwenye kila mashine nyingine, faili `/etc/apt/apt.conf.d/01seva` yenye mstari mmoja:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.10.1:3142";`

Mashine inaomba kifurushi (programu au sehemu yake iliyofungwa tayari kusakinishwa) kwa seva. Seva isipokuwa nacho inakwenda kukichukua kwenye ghala la Debian, inampa mwombaji, na inabaki na nakala. Mwingine akiomba kilekile, intaneti haiguswi. Mashine ya kwanza ilipopakua LibreOffice na GCompris tulisubiri hadi chai ikapoa. Ya pili ilimaliza kabla sijakaa. Pentium 4 hazifaidiki na akiba ya amd64, ila vifurushi ambavyo majina yake yanaishia na `_all.deb`, kama fonti, kamusi na nyaraka, ni vya aina zote za mashine, hivyo hata zenyewe zilikuta sehemu ya mzigo iko tayari.

Mwalimu wa Fizikia aliona anwani ni http, akauliza mtu aliye katikati hawezi kutubadilishia kifurushi? Swali zuri. Kila kifurushi kina alama yake ya SHA256 ndani ya faili ya Packages. Alama ya Packages imo ndani ya InRelease. InRelease imetiwa saini kwa ufunguo wa Debian, na nusu ya pili ya ufunguo huo imo ndani ya kila mashine, kwenye kifurushi `debian-archive-keyring`. Herufi moja ikibadilika njiani mnyororo unakatika na apt inagoma. Aliye katikati anaweza kuona tunapakua nini, hilo ni kweli. Hawezi kutupa kitu tofauti kimyakimya.

Halafu tukafika kwenye mabishano ya Recommends, orodha ya vifurushi ambavyo kifurushi kinapendekeza viletwe pamoja nacho. Kijana wa kidato cha tatu anayetusaidia (anajua mengi kuliko anavyoonyesha) alisoma mahali kwamba ukitaka kuokoa bando unazima Recommends kwa mfumo mzima. Nilimweleza kwa kadi za harusi. Depends ni kadi ya dabo ambayo mgeni hakanyagi ukumbini bila mwenzake. Recommends ni mgeni anayeomba aje na wadogo zake, na kwa kawaida apt inamkubalia. Suggests anataja tu majirani, na apt haiwaiti.

Sasa, wadogo hao wakati mwingine ndio wanaobeba vyombo. Chukua kifurushi `libreoffice`. Fonti za Carlito na Caladea zimo kwenye Recommends zake, si kwenye Depends. Carlito ina vipimo sawasawa na Calibri, na Caladea sawasawa na Cambria. Ukisakinisha kwa `--no-install-recommends`, LibreOffice itafunguka vizuri kabisa, hakuna kosa lolote litakaloandikwa popote. Kisha mwalimu ataleta mtihani alioupiga kwa Calibri kwenye mashine ya stationery, aufungue hapa, na kurasa mbili zitakuwa tatu huku swali la 7 limehama kutoka kwenye mchoro wake. Lawama itaiangukia Linux. Msimamo wangu: Recommends zibaki zimewashwa, na uzizime kwa kifurushi kimojakimoja baada ya kutazama unachokikosa. Kuna `apt-cache depends jina` kwa kazi hiyo, na `apt install -s jina` inayoonyesha kila kitakachofanyika bila kukifanya. Hii ya pili tumekubaliana iwe desturi ya maabara.

Jumamosi, 2 Agosti

Umeme ulikatika mashine nne zikiwa katikati ya kusakinisha. Seva ina UPS, hizo nyingine hazina.

Uliporudi, zote nne zilisema kitu kimoja: dpkg ilikatizwa, endesha `dpkg --configure -a`. Hapa apt yenyewe inakuandikia dawa, ingawa kwa Kiingereza. Nilimwachia kijana aendeshe huku nikieleza kilichotokea.

Apt ni msimamizi wa mipango: inatafuta, inapanga, inapakua. Anayefungua vifurushi na kuweka faili mahali pake ni dpkg, na anafanya kwa hatua mbili. Kwanza anafungua, kisha anasanidi. Vifurushi kumi vinaweza kufunguliwa kwa mfululizo wowote unaofaa, lakini kusanidi kunafuata vitegemezi: kisichokuwa na deni kwa mwingine kinaanza, anayemtegemea anafuata. Kila hatua inaandikwa kwenye `/var/lib/dpkg/status`. Ndiyo maana umeme ukikatika hakuna kilichopotea kichwani mwake. Anasoma alipoishia na kuendelea. Hali unaiona hivi:

`dpkg -l | grep -v '^ii'`

Ukiondoa mistari michache ya kichwa, kinachobaki ni vifurushi ambavyo havijakamilika, pamoja na vilivyoondolewa lakini mipangilio yake bado ipo, hivi vya mwisho vina alama ya `rc` na havina neno. Mashine tatu zilipona kwa amri ileile moja. Ya nne ilihitaji pia `apt --fix-broken install`, kwa sababu kitegemezi kimoja kilikuwa bado hakijafunguliwa kabisa. Baadaye niliweka `debsums` na kuendesha `debsums -c` kwenye zote nne kutafuta faili zilizoharibika. Hakuna.

Wakati fulani watu wanalalamika kwamba dpkg ni mzito kwenye diski za zamani. Uzito huo unatokana na kuilazimisha diski iandike kwa kweli kabla ya kusema nimemaliza. Kuna kifurushi kiitwacho `eatmydata` kinachozima tabia hiyo, na kazi inakwenda mbio. Jina lake linajieleza, na kwa umeme wetu hakiingii humu.

Jumanne, 5 Agosti

Leo siku nzima imeliwa na faili moja.

Ofisi ya taaluma ina programu ya ripoti za wanafunzi waliyouziwa zamani, na muuzaji amewapa faili ya .deb, yaani kifurushi cha Debian, kwenye flashi. Mwalimu wa Taaluma aliibofya mara mbili, ikakataa. Kabla ya kusakinisha faili ya mtu mimi huwa naisoma:

`dpkg -I ripoti.deb`

Kwenye mstari wa Depends kulikuwa na `libssl1.1`, maktaba ya usimbaji ya OpenSSL. Debian 12 haina hiyo, ina `libssl3`. Programu ilijengwa kwa ajili ya Debian 11 na haijajengwa upya tangu hapo.

Fundi wa kampuni, kwa simu, alishauri `dpkg -i --force-depends`. Nilimshukuru na sikufanya. Amri hiyo haileti maktaba iliyokosekana, inamnyamazisha dpkg tu. Programu ingesakinishwa, ingekataa kuwaka kwa sababu `libssl.so.1.1` bado haipo, na juu ya hapo apt ingekataa kila kazi nyingine kwenye mashine hiyo ikidai vitegemezi havijatimia, hadi utakapoiondoa. Unabaki na tatizo la mwanzo na jingine juu yake.

Kijana akauliza kwa nini tusiunde kiungo kutoka `libssl.so.3` kwenda jina la zamani. Namba iliyo kwenye jina la maktaba ni ahadi. Ikibadilika, maana yake waandishi wanakiri kuwa programu zilizojengwa kwa ya zamani hazitaelewana na mpya. Ukiunganisha kwa nguvu, bahati ikiwa nzuri programu itakataa palepale. Ikiwa mbaya itakubali na kukosea baadaye. Uzuri ni kwamba kwa kuwa majina yanatofautiana, ya zamani na mpya zinaweza kukaa pamoja kwenye mashine moja bila kugusana, na Debian inaweka namba hiyo kwenye jina la kifurushi kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo njia ni kuileta `libssl1.1` yenyewe. Swali ni kutoka wapi. Kupakua .deb moja na kuiweka kwa mkono kunafanya kazi, lakini maktaba ya usimbaji isiyopata marekebisho ni mlango ulioachwa wazi, hasa ukijua waandishi wa OpenSSL waliacha kuihudumia 1.1.1 tarehe 11 Septemba 2023. Debian 11 hata hivyo bado inapata huduma ya muda mrefu hadi 31 Agosti 2026, na marekebisho yanawekwa kwenye ghala lake la usalama. Nikaongeza ghala hilo moja tu (bullseye ni jina la Debian 11):

`deb http://security.debian.org/debian-security bullseye-security main`

Lakini kuongeza ghala la toleo jingine bila kulifunga ni kukaribisha vurugu. Kwa hiyo, kabla ya `apt update`, faili ya `/etc/apt/preferences.d/libssl`:

```
Package: *
Pin: release n=bullseye-security
Pin-Priority: -1

Package: libssl1.1
Pin: release n=bullseye-security
Pin-Priority: 500
```

Kipengele cha kwanza kinasema: kutoka ghala hili usichukue chochote. Cha pili kinatoa ruhusa kwa kifurushi kimoja. Kinachotaja jina kinashinda kinachosema "vyote". `apt policy libssl1.1` ikaonyesha 500, kingine chochote kutoka huko kikaonyesha -1. Kisha:

`apt install ./ripoti.deb`

Ile `./` si pambo. Bila hiyo apt inadhani unataja jina la kifurushi kilichoko ghalani. Ukiiweka, apt inasoma faili yako, inatafuta vitegemezi vyake na kuvileta yenyewe, jambo ambalo `dpkg -i` haliwezi.

Programu imewaka. Nimeiacha kwenye mashine moja ya ofisi, si ya maabara, na kwenye ubao wa ofisi nimebandika karatasi yenye tarehe 31 Agosti 2026. Kabla ya siku hiyo muuzaji alete toleo lililojengwa upya. Mwalimu wa Taaluma ameahidi kumsumbua kila mwezi, na namwamini kwa hilo.

Jumatatu, 11 Agosti

Debian 13 ilitoka Jumamosi, siku moja baada ya Nane Nane. Leo asubuhi mashine nyingi zilitoa taarifa ndogo baada ya `apt update`, kwamba ghala la bookworm (jina la Debian 12) limebadilika kutoka "stable" kuwa "oldstable". Hilo halina neno. Ni sawa na kuambiwa mkubwa wa jana amepata mrithi. Ghala ni lilelile.

Mashine mbili zilisema kitu kingine: Codename imebadilika kutoka bookworm kwenda trixie (jina la Debian 13), unakubali? Maana yake `sources.list` yake ilitaja `stable` badala ya jina la toleo. Mistari hiyo ilinakiliwa kutoka kwenye maelekezo fulani ya mtandaoni na mmoja wa wanaojitolea, na kwa wiki mbili haikuwa na madhara yoyote kwa sababu bookworm na stable vilikuwa kitu kimoja. Apt imewekewa swali hili makusudi ili mtu asivuke toleo bila kujua. Kwenye moja tulijibu hapana, tukarekebisha. Kwenye nyingine mtu alikuwa ameshabonyeza y na kuendesha `apt upgrade`.

Matokeo yake yalikuwa funzo zuri la ubaoni. `apt upgrade` hairuhusiwi kuondoa kifurushi, na kuvuka toleo zima bila kuondoa chochote hakuwezekani, kwa hiyo iliishia katikati: libc6 tayari 2.41 ya trixie, na mamia ya vifurushi vimezuiliwa vikiwa vya bookworm, ambayo libc6 yake ni 2.36. Majina nayo yamehama. `libssl3` kule inaitwa `libssl3t64`, na maktaba nyingine nyingi zimepata mkia huohuo wa t64. Chanzo ni saa za biti 32 ambazo zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa zetu. Debian imehamisha usanifu wake karibu wote kwenye hesabu ya muda ya biti 64, i386 ikaachwa kwa makusudi ili programu zake kongwe zisivunjike. Kwenye amd64 muda ulikuwa biti 64 tangu zamani, ila majina yamebadilishwa huko pia ili yalingane.

Kijana alitaka kuirudisha nyuma. Kipaumbele kikizidi 1000 apt inakubali kushusha toleo, lakini vifurushi havijaandikwa kwa safari ya kurudi. Hati zake za usanidi zinajua kupanda tu. Tuliisakinisha upya kutoka kwenye flashi. Kwa kuwa vifurushi vyote viko kwenye seva, haikula bando hata kidogo, na ilikwisha kabla ya kipindi cha mwisho.

Nimepita mashine zote:

`grep -rw stable /etc/apt/sources.list /etc/apt/sources.list.d/`

Kimya. Ndivyo inavyotakiwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku ya kuzaliwa Debian. Ian Murdock aliitangaza 16 Agosti 1993. Hatukukata keki.

Klabu ya kompyuta walitaka Flask, maktaba ya Python ya kutengenezea tovuti. Kisakinishi cha Python chenyewe, pip, kwa amri ya `pip install flask` kilikataa kwa kusema mazingira haya yanasimamiwa kutoka nje. Tabia hii imeanza na Debian 12. Kuna zana za mfumo zilizoandikwa kwa Python, na zamani pip ya mtumiaji mkuu iliweza kuziletea maktaba mpya zisizoelewana nazo, kisha watu wanailaumu apt. Kwa darasa, `apt install python3-flask` inatosha. Anayetaka toleo jipya zaidi ajitengenezee `python3 -m venv` kwenye folda yake. Kuna kitufe cha `--break-system-packages`, na jina lake, kama lile la eatmydata, halimfichi mtu chochote.

Jumamosi, 23 Agosti

Hadi sasa kuongeza programu kumekuwa kupita mashine hadi mashine. Leo tumelimaliza hilo kwa kifurushi chetu wenyewe.

Zana ni `equivs`. Inatengeneza kifurushi kisicho na faili za maana ndani, chenye orodha ya vitegemezi tu. `equivs-control maabara` inatoa kiolezo, unakijaza, `equivs-build maabara` inakupa .deb. Chetu kwa kifupi:

```
Package: maabara-shule
Version: 1.0
Architecture: all
Recommends: libreoffice, gcompris-qt, hunspell-sw, kalzium, kgeography, gnuplot
```

Rasimu ya kijana iliandika Depends, na kwa mantiki ya kawaida yuko sahihi. Shida inakuja siku mtu atakapoondoa kimojawapo, tuseme `kgeography` kwenye Pentium 4 kwa sababu nafasi imekwisha. Kwa Depends, maabara-shule haiwezi kubaki bila kgeography, nayo inaondoka. Ikiondoka, vyote ilivyovileta vinakuwa yatima, kwani apt inakumbuka nani aliombwa na mtu na nani alikuja kama kitegemezi. `apt autoremove` ya siku inayofuata ingefuta LibreOffice. Kwa Recommends, kimoja kikiondoka wengine wanabaki na mwenyeji wao. Kwa anayeona kifurushi asichokitambua na kutaka kujua nani alikileta, `aptitude why jina` inamfuata hadi shinani.

`hunspell-sw` nimeiweka kwa furaha ya pekee. Ni kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia, na walimu wa lugha walikuwa hawaamini kama mistari myekundu inaweza kupungua kwenye insha. Kazi ya kukiingiza Kiswahili kwenye programu huria si ya jana: Jambo OpenOffice ilitoka Dar es Salaam mwaka 2004.

.deb zetu zinakaa kwenye folda ya seva, `dpkg-scanpackages` inaziandikia orodha, na orodha imetiwa saini kwa ufunguo tuliotengeneza. Ningeweza kuandika `[trusted=yes]` na kuruka saini. Sikutaka kuwafundisha vijana kuzoea hivyo.

Tumejaribu kwa kupandisha toleo hadi 1.1 na kuongeza `stellarium`. Kumbuka tofauti hii: `apt upgrade` inakubali kuleta vifurushi vipya ambavyo toleo jipya linavihitaji, `apt-get upgrade` inavizuia usipoongeza `--with-new-pkgs`. Stellarium ilifika kwenye Core 2 Duo zote. Kwenye baadhi yake kadi ya michoro ni nzee mno, anga linasogea kwa kukwamakwama, toleo 1.2 limeiondoa, na itawekwa kwa mkono pale inapowezekana.

Jumatatu, 8 Septemba

Debian 12.12 ilitoka Jumamosi. Mashine zote za maabara zimepandishwa asubuhi, kila kifurushi kikipakuliwa mara moja kwa kila aina ya mashine. Iliyobaki ni ile ya ofisi, kwa sababu ilikuwa inashughulika na printa.

Printa hii ina draiva ya mtengenezaji, ya biti 32 tupu, na mashine ni ya amd64. CUPS, mfumo wa uchapishaji wa Linux, ilisema kichujio (sehemu ya draiva inayoandaa kurasa) kimeshindwa. Nilipokiendesha kichujio chenyewe kwenye terminali, jibu likawa faili hakuna, na faili naiona kwa macho. Hili huwapoteza wengi. Kinachokosekana ni kile kinachoianzisha, `/lib/ld-linux.so.2`, ambacho ni sehemu ya libc6 ya i386. Amri `file` juu ya kichujio hicho ikathibitisha: ELF, biti 32.

```
dpkg --add-architecture i386
apt update
apt install libc6:i386 libcups2:i386
```

Apt ilitaka kwanza kupandisha libc6 ya amd64, na Mwalimu wa Taaluma akaona ni kama inaleta mambo yake. Maktaba zinazokaa kwa usanifu mbili kwenye mashine moja lazima ziwe za toleo lilelile hadi herufi ya mwisho, kwa sababu zinachangia baadhi ya faili. Ya i386 ilishakuwa ya 12.12, ya amd64 bado. Tulikubali, zikalingana. Kutoka intaneti ilikuja orodha ya i386 ya lile ghala la bullseye peke yake. Vifurushi vyenyewe vilikuwa kwenye akiba ya seva tangu asubuhi, vimeletwa na zile Pentium 4.

Ukurasa wa majaribio umetoka. Kinachofuata ni `kiwix-tools` kwenye seva ili Wikipedia ya Kiswahili isomwe bila bando, ila hiyo inasubiri diski ya pili, na fomu ya kuiombea iko mezani kwa Mkuu.